Balozi wa Nyumba Kumi za Ng'ambo

Ng'ambo ya Mto,
Lushoto.
8 Machi 1970

Mdogo wangu Tobia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, aliyetuamsha tena Jumapili hii. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limeanza maneno yake kwa ajili ya baridi. Yudith amejifungua salama mtoto wa kike, wamemwita Ester. Mkwe wangu Danieli amefurahi mpaka amesahau kwenda kazini kwenye ushirika wa mboga, hivi ndivyo nilivyoambiwa na Yudith. Mimi mwenyewe, unajua, sikumwona. Nilipoingia kumtazama mtoto yeye alitoka kwa mlango wa uani, kama inavyompasa kijana aliyelelewa. Mke wako Marta mpe salamu, mwambie mbegu za maboga nilizoahidi nitampelekea akipatikana mtu wa kushuka.

Sasa nikuambie jambo langu, na usinicheke. Dada yako ni Balozi.

Bwana wa Chama alikuja Jumatano, akatukusanya sisi wa nyumba kumi za ng'ambo, akasema kila anayetakiwa asimame mbele na watu wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Nilisukumwa mbele mimi na mzee Silvano. Nilikuwa nimeinamisha uso, nikijua nimesimama peke yangu kama mti wa mpaka. Nikasikia sauti ya Zuhura nyuma yangu. Zuhura mke wa Salimu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule mwenye mdomo. Akasema, "Mimi niko hapa nyuma ya huyu mjane. Amesoma mpaka darasa la nne, na kanisani anasoma Waraka bila kukwama. Anayetaka balozi wa kusinzia akajipange kwa Silvano." Watu wakacheka, Silvano naye akacheka. Nilipogeuka niliona mstari wangu umefika kwenye kisima.

Hapo hapo wakanipa kazi. Wanataka daraja. Unakumbuka yale magogo mawili tunayovukia kwenda mjini, ndiyo hayo hayo mpaka leo. Masika yanayachukua, kiangazi tunakata mengine. Huku ng'ambo hatuna shule, hatuna soko, hatuna hospitali, vyote viko upande wa pili. Zuhura aliniambia mbele ya wote, "Balozi, sisi hatutaki mengi. Tunataka kuvuka kama watu."

Nimeomba Mungu anipe kinywa. Niombee nawe. Je, Pasaka utakuja?

Ni mimi dada yako,
Rahabu

* * *

Tanga,
29 Machi 1970

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikitoka ibadani. Sisi hatujambo, joto la huku tumelizoea. Marta anakusalimu sana na anasema mbegu anazisubiri. Hongera kwa mjukuu.

Hongera pia kwa ubalozi. Nimewasomea wenzangu ofisini ile habari ya mstari uliofika kisimani, wakasema huyo Zuhura angefaa kuwa Mkuu wa Mkoa.

Dada, nikueleze kitu ambacho mimi karani wa majalada nakijua kuliko wengi. Zamani mwenye shida alikwenda kwa jumbe na kuku mkononi. Sasa kuna ngazi. Nyumba kumi zina balozi. Balozi anafikisha neno lao kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Kamati ikiafiki, neno linapanda halmashauri ya wilaya, na likiwa zito linatufikia sisi mkoani, nami nalifungulia jalada na kulipa namba. Nimeona kijiji kimepata bomba kwa sababu balozi wao, bibi mmoja asiyejua kusoma, alisimama kwenye kamati mara tano akisema neno lile lile.

Lakini ngazi ya kwanza haina njia ya mkato. Jambo ambalo halikusemwa kwenye kamati, likaandikwa kwenye kitabu cha kikao, kwetu halipo. Kwa hiyo simama, dada, useme. Wewe ndiye mdomo wao.

Kazi ni nyingi kidogo siku hizi.

Mdogo wako mtiifu,
Tobia

* * *

Ng'ambo ya Mto,
Lushoto.
15 Novemba 1970

Mdogo wangu Tobia,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Nimekawia kukuandikia, nisamehe. Tulikuwa na mavuno ya maharage, halafu kwaya ilikwenda Kwai kwenye sikukuu ya mavuno, nami nikapikia watu. Ester ameota meno mawili na anamng'ata mama yake. Mwanaidi, yule bibi wa nyumba ya juu kabisa, alianguka lakini amepona, na ulimi wake haukuumia hata kidogo.

Kuna habari utakayoifurahia. Yule bwana mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kata amejiuzulu kwa maradhi, na tangu Julai mwenyekiti wetu ni Danieli. Ndiyo, mkwe wangu. Watu wanasema ni kijana makini, hapendi porojo, anaandika kila kitu kwenye kitabu. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili ya Yudith.

Kamati inakaa kwenye darasa la shule. Mimi nakaa nje barazani, chini ya dirisha, na kanga yangu. Wamenipa kigoda. Ninasikia vizuri sana, kila neno. Wakiita majina, mwandishi anachungulia dirishani anasema, "Balozi wa ng'ambo yupo," na kikao kinaendelea.

Jambo letu la daraja liko huko kwenye kamati. Limefika. Lakini unajua vikao, mambo mengi, na kila balozi ana lake. Kwa hiyo tumefikiri tuandike karatasi ije kwenu moja kwa moja, isukume. Nimeiandika mwenyewe na nyumba zote kumi zimeweka sahihi au dole gumba. Zuhura alisema aliyeweka dole ni mumewe lakini wino ulikuwa wa kwake. Imo humu ndani ya barua. Itie mkononi mwa mkubwa wako.

Nawe usiniulize mengi juu ya kamati, maana mimi ni mtu wa kusikiliza zaidi.

Dada yako,
Rahabu

* * *

Tanga,
20 Januari 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Barua yako ya Novemba niliipata, nami nilikuwa na homa ya malaria, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sasa nimepona. Marta alipanda zile mbegu na zimetambaa mpaka kwenye paa la jirani, tumegombana naye na kupatana.

Nimempongeza Danieli moyoni. Ni mtu wa haki, hilo nalijua.

Karatasi ya nyumba kumi nimeipokea na kuisoma yote. Iko katika njia yake.

Dada, hivi huko kwenye nyumba kumi hakuna mwingine ambaye angeweza kukusaidia kwenda kwenye vikao? Nauliza kwa ajili ya goti lako.

Mdogo wako,
Tobia

* * *

Ng'ambo ya Mto,
Lushoto.
2 Mei 1971

Tobia mdogo wangu,

Neema na iwe kwenu. Tumo. Goti langu ni zima, Mungu ameliponya goti, akachukua kwingine.

Zuhura amekufa.

Ilikuwa Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili, siku ya soko. Mvua ilikuwa imepiga usiku na asubuhi ikakatika. Mto ulikuwa umejaa rangi ya chai ya maziwa, gogo moja lilikuwa limegeuka tumbo juu, bila gome, linang'aa. Tulikuwa wanawake wanne ukingoni. Mimi nikasema, jamani tungoje maji yapungue. Zuhura akasema karoti zake hazijui kungoja. Akajitwisha tenga, akafunga kanga kiunoni, akaweka mguu. Alipofika katikati akageuza uso kidogo, sijui alitaka kuhakikisha ninamsikia, akasema, "Balozi, ukienda kwenye kikao chako waambie gogo la kushoto lina utelezi." Sisi tukacheka. Tulikuwa tunacheka, Tobia, alipoanguka.

Tenga lilikwenda mbele yake. Tuliziona karoti zote juu ya maji kabla hatujauona mkono wake. Wanaume walimpata saa tisa, chini kule mto unapokata kona. Salimu alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, hakukubali kusaidiwa. Wakamsitiri siku ile ile kwa taratibu zao za dini. Mimi nilikaa na wanawake wa matanga siku saba, nikachota maji, nikaosha vyombo. Sikuweza kukaa bila kazi.

Siku ya tatu Salimu aliniita pembeni. Macho yake makavu. Akaniuliza, "Mama Yudith, hili jambo letu kamati walilijibuje?" Nikamwambia, "Walisema wanaliangalia." Akasema, "Mara zote tatu?" Nikasema ndiyo.

Ile karatasi tuliyokuletea imefika wapi? Nimwambie nini huyu mtu? Nijibu upesi.

Rahabu

* * *

Ng'ambo ya Mto,
Lushoto.
12 Septemba 1971

Mdogo wangu Tobia,

Salamu katika Kristo. Ni miezi minne sasa. Nimeshakuandikia mara moja tangu ile ya Mei, labda zote mbili zimepotea Mombo kwenye magunia. Marta hajambo? Mimi sijui kama mko wazima au wagonjwa. Yudith ana mimba nyingine. Ester anatembea.

Nimechoka kubeba kitu hiki peke yangu, na kwa mchungaji sikwenda, kwa kuwa nilitaka kwanza kukuambia wewe. Tobia, sikusema. Sikuwahi kusema kwenye kamati ile neno hata moja.

Alipokuwa yule mzee mwenyekiti niliogopa kidogo nikajiambia kikao kijacho. Halafu akaja Danieli. Wewe ni Mshambaa, huhitaji kufundishwa. Ningesimamaje mbele ya mkwe wangu, nimwangalie usoni, nimpazie sauti mbele ya wanaume? Sijawahi hata kula naye chumba kimoja. Ndiyo maana nilikaa barazani. Jina likiitwa nilikuwa nakohoa, mwandishi ajue nipo. Hiyo ndiyo kazi niliyowafanyia watu wangu mwaka mzima. Zuhura alikuja kujua, sijui kwa nani. Siku moja tukiwa tunachambua maharage akasema, "Wenzetu wana mabalozi wanaosema, sisi wetu anakohoa kwa niaba yetu." Akacheka, akanipiga begani. Kisha akasema polepole, "Mama Yudith, nipe mimi niende siku moja. Danieli si mkwe wangu." Nikamwambia sheria hairuhusu.

Hakuna sheria kama hiyo. Nilipenda kuitwa Balozi. Tangu mume wangu afe hakuna aliyenipigia hodi kwa shauri lolote, na sasa walikuwa wanakuja, wananiamkia, wananiuliza. Ningeweza kujiuzulu siku ile Danieli alipokaa kwenye kile kiti, na kila mtu angeelewa bila kuuliza. Na wao kila mmoja aliona, na kila mmoja alinistahi akanyamaza. Nyumba kumi nzima zilinistahi.

Sasa sikiliza nililofanya. Tarehe saba Agosti kulikuwa na kikao. Nilifika barazani, kigoda changu kipo. Sikukaa. Niliingia kwa mlango wa mbele. Mabalozi wengine wakadhani nimeugua. Nikasimama katikati ya madawati nikasema, "Mimi ni Rahabu, balozi wa nyumba kumi za ng'ambo. Zuhura mke wa Salimu amekufa kwenye magogo, na jambo la daraja halijawahi kusemwa hapa kwa sababu mimi niliyetumwa sikulisema."

Nilipotamka neno la kwanza tu Danieli alisimama. Macho chini. Akafunga kitabu, akapita nyuma ya ubao, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama tulivyomfundisha. Mimi nikaendelea kusema na kiti kitupu. Nilisema yote, juu ya watoto wanaobebwa mgongoni kwenda shule, juu ya wagonjwa, juu ya karoti. Nilipomaliza mwandishi akakuna kichwa, akasema, "Mama, tumekusikia, lakini mwenyekiti hayupo na kitabu ameondoka nacho. Hiki si kikao." Balozi mmoja wa sokoni akasema, "Basi tumesikia mahubiri." Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Kwa hiyo hata siku niliyosema, maneno yangu hayamo kwenye kitabu.

Jioni Yudith alikuja, amevimba miguu, amevuka magogo yale yale na tumbo lake. Akaniambia mumewe hakwenda mbali. Alizunguka akakaa barazani chini ya dirisha, kwenye kigoda changu, akasikia mpaka mwisho. Na ametuma neno kupitia kwake: "Mwambie mama nimesikia. Lakini siwezi kuandika neno la mtu nisiyeweza kumwuliza swali. Wachague mtu wa kusimama mbele yangu."

Nimejiuzulu. Nilisimama kwenye uwanja wa Salimu nikawaambia watu wote kama nilivyokuambia wewe, na lile la kumwongopea mfiwa siku ya tatu nikalisema pia. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wamemchagua Salimu.

Sasa nawe niambie kuhusu ile karatasi. Imebaki hiyo tu. Mle ndani niliandika kwamba kamati imesikia mara tatu haikujibu, na huo ni uongo wangu. Kama imefika kwa wakubwa, waambie wanilaumu mimi, si Danieli.

Dada yako mwenye dhambi,
Rahabu

* * *

Tanga,
9 Julai 1972

Dada yangu Rahabu,

Shikamoo. Sina uso wa kuandika salamu ndefu. Marta yuko salama na amekuwa akiniuliza kila mwezi kama nimekujibu, nami nimekuwa nikimwambia ndiyo.

Tangu tarehe mosi mwezi huu halmashauri zimekwisha, umesikia. Madaraka yamepelekwa mikoani na wilayani kwa maofisa, na ofisi yetu inahamishwa chumba hadi chumba. Wiki iliyopita tuliambiwa kila karani atoe vilivyomo kwenye droo zake. Nimeitoa karatasi yenu. Ilikuwa chini ya makaratasi ya kaboni. Imo humu. Utaona haina muhuri, haina namba. Haikutoka mkononi mwangu hata siku moja.

Nilikuandikia kwamba iko katika njia yake. Haikuwa na njia.

Nikuambie sababu, si kwa kujitetea. Niliposoma mstari ule wa kwamba kamati imesikia mara tatu, nilijua pale pale kuwa si kweli. Dada, mimi nimezaliwa nyumba moja nawe. Ulipoandika unakaa barazani na mwenyekiti ni Danieli, nani asingeelewa? Kama ningeipeleka kwa mkubwa wangu, jambo la kwanza angeandikia kata kuuliza. Danieli angefungua kitabu chake na kujibu kwamba jambo hilo halijawahi kufika. Jina lako lingesomwa kwenye wilaya na mkoa kuwa la balozi aliyedanganya. Mkweo ndiye angelazimika kuandika barua ya kukuaibisha.

Nikasema nitakuandikia ujiuzulu. Nikakaa na kalamu jioni nyingi. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, ulinivalisha shati la kwanza la shule. Ningekuambiaje wewe uondoke kwenye kiti cha heshima? Nilichoweza kuandika ni ule ujinga wa goti. Nikangoja uelewe. Halafu ikaja barua ya Mei.

Sikuwa mgonjwa, na barua zako hazikupotea. Niliogopa kukuambia kwamba nilijua. Ningesema Januari, watu wangechagua mwingine Februari, na Machi pengine kungekuwa na mbao juu ya mto. Nimeihesabu miezi hiyo mara nyingi.

Nakuomba kitu kimoja. Jambo hili libaki kati yetu wawili. Wewe umeshatubu mbele ya watu, na Salimu ameshika kazi. Kufukua tena kutamwumiza tu. Ukimaliza kusoma, itie barua hii motoni pamoja na ile karatasi.

Mdogo wako,
Tobia

* * *

Ng'ambo ya Mto,
Lushoto.
30 Julai 1972

Mdogo wangu Tobia,

Amani kwako na kwa Marta. Huku kiangazi, maji ya mto yanafika kwenye vifundo vya miguu tu, ungeyaona usingeamini. Yudith alijifungua Novemba mwaka jana mtoto wa kiume, wamemwita Yohane. Salimu amepeleka jambo la daraja kwenye kamati mara mbili, akalisema akimwangalia Danieli usoni, na Danieli akaliandika. Lilipanda halmashauri, halmashauri ikaahidi mbao na misumari. Sasa halmashauri haipo. Salimu alikwenda kwenye ofisi mpya, akaambiwa na kijana mstaarabu sana kwamba ahadi za zamani hazikuhamishwa, aanze upya. Kwa hiyo tumeanza msaragambo. Wanaume wanakata miti kila Jumamosi, wanawake tunasomba mawe. Hatujui tutafika wapi kabla ya vuli.

Barua yako niliisoma jikoni, nimesimama. Nilipofika kwenye neno la moto, moto ulikuwa mbele yangu, ninachemsha ndizi. Nikaishika juu yake, na joto likanifika vidoleni. Nililia, Tobia, kwa kuwa ulinipenda hivyo. Kisha nikaona kwamba ile karatasi si yangu wala si yako. Ina majina ya watu kumi. Nikaikunja, nikavuka uwanja, nikampa Salimu zote mbili, barua na karatasi.

Salimu si msomaji wa haraka. Aliita nyumba zote Jumapili ile baada ya sisi kutoka kanisani na wao kuswali, akanipa barua yako mkononi, akasema, "Soma wewe, Mama Yudith. Usiruke." Nikasoma. Nilisoma mpaka pale unaposema niichome. Sikuruka.

Mwanaidi ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Akasema, "Dada anamsitiri kaka, kaka anamsitiri dada, mkwe anamsitiri mkwe. Mmesitiriana vizuri. Sisi tumeachwa na mto."

Nikasimama nikamwambia Salimu, "Baba, ninaomba radhi kwa niaba ya mdogo wangu." Salimu alikuwa anatazama mikono yake. Akasema bila ukali, "Mama, hiyo kwa niaba tumeichoka. Yeye ana mdomo. Mwandikie aje aseme mwenyewe." Nikamwuliza ukija watakufanya nini. Akasema, "Nitamsikiliza. Nina swali moja la kumwuliza, na silipeleki kwa posta." Sikumwuliza ni swali gani. Nadhani nalijua, nawe unalijua.

Najua utasema kazi ni nyingi. Uliniambia hivyo miaka miwili iliyopita nilipokuita Pasaka, nami sikukulazimisha. Sasa nakulazimisha, mimi niliyekuvalisha shati. Watakaa Jumapili ya tarehe ishirini Agosti, saa nane mchana, uwanjani kwa Salimu. Ukilala Mombo Jumamosi, basi la kwanza asubuhi litakufikisha mapema, utaoga na kula kwangu kabla. Njoo na Marta ukipenda, lakini mwambie kwanza kwamba hukunijibu.

Nimeomba nikae karibu nawe siku hiyo, wamekubali. Nitakuwa kwenye mkeka ule ule, bega kwa bega. Lakini utasimama peke yako, Tobia, na ukikwama usinitazame mimi.

Dada yako akupendaye,
Rahabu